Subira, Wakati na Upevu katika Elimu ya Nyota: Uchunguzi wa Maneno kwa Kutazama Nchi ya Katavi

Elimu ya nyota kwa Waswahili ina majina mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni falaki, yaani hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Kwa hesabu hiyo hujulikana nyakati za sala, upande wa kibla, kuandama kwa mwezi na kupatwa kwa jua. La pili ni unajimu, yaani kutoa hukumu juu ya maisha ya watu kwa kuzitazama nyota hizo. Wanazuoni wa Kiislamu tangu zamani waliikubali falaki, na wengi wao waliukataza unajimu. Lakini katika matumizi ya watu mpaka huo haukushika: mnajimu hufungua vitabu vya falaki, na mwenye falaki huulizwa habari za ndoa, safari na biashara. Kando ya majina hayo mawili liko la tatu, ramli, ambayo asili yake ni kusoma alama zilizopigwa mchangani. Hiyo si elimu ya nyota, ijapokuwa mara nyingi huvikwa nguo zake.

Makala haya yahusu jambo moja tu ndani ya elimu hiyo, nalo ni namna inavyoyafunga pamoja mambo matatu: subira, wakati, na kupevuka kwa mtu. Mahali palipochaguliwa ni Mpanda na nchi ya Katavi, nchi ya Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, iliyo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika. Nchi hii yafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu hapo hukutana hesabu mbili za mbingu. Moja ni ya pwani, ambayo ilipanda bara pamoja na misafara, vitabu na lugha ya Kiswahili yenyewe. Ya pili ni ya mkulima, ambayo kipimo chake si sayari bali ni msimu wa mvua. Hesabu zote mbili humwambia mtu asubiri. Lakini hazimwambii asubiri kitu kimoja, wala kwa njia moja. Kamusi, zinapolifasiri neno subira kana kwamba ni kungoja tu, huzipoteza zote mbili.

UMRI WA MTU KATIKA VITABU VYA FALAKI

Mafundisho ya unajimu wa pwani yalitoka kwa Wayunani, yakapita kwa Waarabu na Waajemi. Ptolemy wa Iskandaria, aliyeandika katika karne ya 2, aliyagawa maisha ya binadamu katika vipindi saba, na kila kipindi akakiweka chini ya nyota yake. Mwezi huutawala utoto kwa miaka 4. Utaridi hufuata kwa miaka 10, ambayo ni miaka ya kujifunza. Zuhura kwa miaka 8, wakati tamaa zinapoamka. Jua kwa miaka 19, ambamo mtu hushika mambo yake mwenyewe. Mirihi kwa miaka 15 ya mapambano na mashaka. Mshtari kwa miaka 12 ya heshima na kupumua. Na baada ya mwaka wa 68 Zuhali huyashika maisha mpaka mwisho wake.

Mpango huu si wa kubahatisha. Nyota hizo saba zimepangwa kwa kadiri ya wepesi wa mwendo wake kama ulivyodhaniwa na watu wa kale waliotazama mbingu kutoka duniani. Mwezi huizunguka mbingu kwa siku 27 na kitu. Mshtari kwa karibu miaka 12. Zuhali kwa miaka 29 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba, kwa mafundisho haya, kukua ni kuhama kutoka kwa nyota yenye haraka kwenda kwa nyota yenye taratibu. Mtoto ni wa Mwezi kwa sababu hubadilika kila siku. Mzee ni wa Zuhali kwa sababu hapepesuki. Upevu, basi, si wingi wa miaka peke yake, bali ni kubadilika kwa mwendo wa nafsi.

Zuhali yastahili kutazamwa zaidi. Vitabu huiita nuhusi kubwa, na Mshtari huitwa saadi kubwa; kutoka huko Kiswahili kimepata nuhusi, au nuksi, na sudi. Zuhali huhesabiwa kuwa baridi na kavu, nyota ya wazee, ya wakulima, ya misingi ya majengo na ya mambo yachelewayo. Chuma chake ni risasi, madini mazito yasiyong'aa. Lakini nyota hiyo hiyo ya nuksi ndiyo iliyopewa kazi ya kumkomaza mtu. Wanajimu wa siku hizi hushikilia sana mwaka wa 29 au 30 wa umri, ambapo Zuhali hurudi mahali ilipokuwa mtu alipozaliwa. Husema kwamba hapo mtu hudaiwa hesabu ya ujana wake. Kwa hiyo nuksi na upevu vimewekwa katika nyota moja: kinachomchelewesha mtu ndicho kinachomkomaza. Hilo ndilo fundisho la unajimu juu ya subira kwa maneno machache.

Namna ya kuijua nyota ya mtu yaonyesha upande mwingine wa fundisho hilo. Katika desturi ya pwani, mtu asiyejua siku ya kuzaliwa kwake huhesabiwa herufi za jina lake na za jina la mama yake kwa hesabu ya abjadi. Jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki huonyesha burji yake, kuanzia Hamali, Thauri na Jauza mpaka Hutu. Vitabu vya namna hiyo husomwa kwa jina la Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefariki mwaka 886. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba nyota hiyo ni ya mtu mmoja. Ndugu wawili wa nyumba moja wana mama mmoja, lakini majina yao ni mbalimbali, na kwa hiyo nyota zao huweza kuwa mbalimbali. Mmoja huambiwa asafiri leo, mwingine angoje. Subira ya falaki ni subira ya mtu peke yake, na mlango wake hufunguliwa kwa saa yake.

SAA YA PWANI NA JUA LA MPANDA

Kila saa ya mchana na ya usiku nayo ina nyota yake. Mchana hugawanywa katika saa 12 tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Saa ya kwanza ya Jumamosi ni ya Zuhali, ya pili ni ya Mshtari, ya tatu ya Mirihi, ya nne ya Jua, ya tano ya Zuhura, ya sita ya Utaridi, ya saba ya Mwezi; kisha Zuhali hurudi. Ukiendelea hivyo kwa saa 24, saa ya kwanza ya Jumapili huangukia Jua. Saa za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa asubuhi wala si usiku wa manane, zinaafikiana na hesabu hii kuliko saa za Kizungu. Kwa kuwa Mpanda iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, urefu wa mchana wake haubadiliki kwa zaidi ya dakika 45 hivi mwaka mzima, hata saa za falaki na saa za ukutani zinakaribiana sana kwa urefu.

Hata hivyo, ziko tofauti ambazo hazitazamwi. Saa rasmi ya Tanzania imewekwa kwa jua la longitudo 45 mashariki, nayo Mpanda iko karibu longitudo 31. Kwa hiyo jua la Mpanda huchelewa kwa kiasi cha dakika 56 nyuma ya saa rasmi, na kwa dakika 33 hivi nyuma ya jua la Dar es Salaam. Saa kumi na mbili ya asubuhi, ambayo katika miji ya pwani huwa nuru imeenea, huko Mpanda bado ni kiza cha alfajiri. Mtu wa Mpanda anayefuata jedwali la saa njema na saa mbaya lililopangwa kwa jua la Dar es Salaam huingia katika saa ya Mshtari wakati jua lake mwenyewe bado limo katika saa ya Zuhali. Hata kwa kanuni za unajimu wenyewe, basi, wakati hauwezi kusafirishwa kama bidhaa. Jambo hili lilihitaji kuangaliwa zaidi tangu utabiri wa nyota ulipoingia magazetini na redioni, ambako marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, alipata umaarufu katika Afrika Mashariki nzima. Gazeti moja husomwa na watu wa mawio mbalimbali.

KILIMIA NA MWAKA WA KATAVI

Hesabu ya pili haina jedwali. Kipimo chake katika Kiswahili ni Kilimia, kundi la nyota ndogo zilizosongamana ambazo Waarabu huziita Thuraya. Jina lenyewe limetokana na kulima, na majina ya mzizi huo huo hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu mpaka isilimela ya Waxhosa wa Afrika Kusini. Methali ya pwani yasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Methali hiyo ni ya pwani, lakini mbingu na mvua za Katavi zinaifasiri vizuri zaidi kuliko mbingu na mvua za pwani. Pwani ina misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na hivyo ishara huchanganyika. Katavi ina msimu mmoja: mvua huanza mwezi wa Novemba hivi na kukoma Aprili au mwanzo wa Mei, kisha kiangazi hushika. Kati ya Septemba na Oktoba mto Katuma hupungua mpaka viboko husongamana katika madimbwi yaliyobaki. Basi katikati ya Novemba Kilimia huonekana kikichomoza upande wa kaskazini-mashariki jua linapokuchwa, na alfajiri hiyo hiyo kimezama magharibi: kimezama kwa jua, kimezuka kwa mvua. Kila jioni hukutwa kimepanda juu zaidi, mpaka mwezi wa Aprili ambapo huonekana kidogo magharibi baada ya machweo. Mwanzo wa Mei hupotea kabisa katika nuru ya jua kwa muda wa siku 40 hivi, na Juni huonekana tena alfajiri, wakati mahindi yamekauka mashambani: kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Yaani maisha yote ya muhindi, tangu mbegu kufukiwa hadi gunzi kukauka, hupita chini ya mwendo mmoja wa Kilimia.

Tofauti ya hesabu hii na ile ya falaki ni kubwa. Kilimia hakina mtu. Hakichomozi kwa mwana wa fulani kikaacha kuchomoza kwa jirani yake. Anayepanda Oktoba kwa pupa hupoteza mbegu, na anayelala mpaka Januari hukosa mavuno, lakini wote wawili waliiona ishara ile ile. Subira ya Kilimia ni ya kijiji kizima, na tena ni subira yenye jembe mkononi, maana siku za kungoja mvua ndizo siku za kusafisha shamba. Upevu nao huweza kuhesabiwa kwa njia hii: kwa Waxhosa, miaka ya mwanamume huhesabiwa kwa isilimela alizoziona tangu alipotoka jandoni. Hapo mtu haulizwi alizaliwa chini ya nyota gani, bali ameiona mara ngapi nyota ya wote.

Isidhaniwe kwamba hesabu ya pwani ilikuwa ya vitabu tu. Mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo, yaani makumi ya siku, uliwatumikia mabaharia na wakulima wa pwani, na mwanzo wake huadhimishwa hata leo Makunduchi katika Mwaka Kogwa. Lakini miongo hiyo haikuwa na siku ya kuongezea, hata mwaka huo husogea kwa siku moja kila miaka minne. Kilimia hakikuhitaji marekebisho hayo, kwa kuwa mkulima hakukihesabu, alikitazama.

MANENO YA SUBIRA NA MANENO YA UPEVU

Tukio la kukutana kwa hesabu hizi limeacha alama katika msamiati. Subira ni neno la Kiarabu ambalo mzizi wake ni kujizuia, kama mtu afungaye kitu kisitoroke. Stahimili na himili yatoka katika mzizi mwingine, ule wa kubeba, ambao ndio umempa hamali, mchukuzi wa mizigo, jina lake. Kwa hiyo mwenye subira amejizuia, na mstahimilivu amebeba. Katika nchi iliyopitiwa na wapagazi waliochukua mizigo mabegani baina ya Tabora na ziwa, tofauti hiyo haikuwa ya vitabuni: kituo cha Karema, kilichoanzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold II na kukabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885, kililishwa na mabega hayo.

Upande wa upevu, maneno mengi ni ya Kibantu na yametoka shambani na mbinguni. Mwezi huandama, huwa mchanga, kisha hupevuka. Mwezi mpevu ndio mwezi uliojaa, na mtu mpevu ndiye aliyetimia akili. Nafaka hukomaa, na mtu hukomaa. Tunda huiva, na fundi aliyefunzwa vema husemwa kuwa ameiva. Maneno haya matatu si sawa. Kukomaa ni kupata ugumu. Kuiva ni kupata utamu na kufaa kutumika. Kupevuka ni kutimia kwa umbo. Muhindi uliokomaa bado haujachumwa, na ndizi iliyokomaa bado haijaiva. Methali isemayo mstahimilivu hula mbivu imeyaunganisha makundi haya mawili kwa ustadi: mbebaji wa Kiarabu anakula tunda la Kibantu.

Pamoja na hayo lugha imeweka onyo. Subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hudhaniwa kupingana, na wageni wengine wamezitaja kama ushahidi kwamba hekima ya methali haina msimamo. Hazipingani. Subira ina kipimo: kuna saa itakayoingia, au nyota itakayochomoza, na asubiriye anakijua anachokisubiri. Ngoja ngoja haina kipimo. Anayengojeshwa hajui hata ni ishara gani atakayoitazama.

SUBIRA ISIYO NA KIPIMO

Historia ya Mpanda yatoa mifano ya aina zote mbili. Mji ulikua kwa ajili ya risasi, madini ya Zuhali. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba, na tawi la reli kutoka Kaliua likafika mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, na reli ikabaki bila mzigo ulioiita. Mji haukufa, ulirudi kwenye mvua na mahindi, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Kwa upande mwingine, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliowekwa Katumba na Mishamo walilima na kuvuna kwa miongo minne kabla ya wengi wao kupewa hati za uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kwa mashamba yao walikuwa na kipimo. Kwa uraia wao hawakuwa nacho. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya kusubiri na kungojeshwa.

Palipo na ngoja ngoja ndipo ramli hupata nguvu, na hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la maneno tu. Falaki na Kilimia, kwa tofauti zake zote, vinakubaliana katika jambo moja: wakati hauharakishwi. Mpiga ramli wa utajiri wa haraka huahidi kinyume chake, kwamba wakati unaweza kurukwa, na kwamba anayekuchelewesha si Zuhali wala kiangazi bali ni jirani. Katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa ahadi hiyo imegharimu maisha ya vikongwe walioshukiwa uchawi na ya watu wenye ualbino, hata Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapigao ramli. Watu wenyewe wamelitungia jambo hilo jina, ramli chonganishi, na jina hilo ni sahihi kuliko maelezo mengi marefu, kwa kuwa limekiona kiini chake: ramli hiyo huigeuza subira ya mtu kuwa shuku juu ya mwenzake. Mwandishi au mfasiri anayewaita wote hao wanajimu, mwenye falaki na mchonganishi pamoja, huwakosea wa kwanza na kuwasitiri wa pili.

YALIYOBAKI KWA WATUNGA KAMUSI

Kutokana na hayo yafuata mambo matatu. Kwanza, falaki, unajimu na ramli yafaa yapewe fasili zisizoingiliana, na matumizi ya watu yanayoyachanganya yatajwe kuwa ni mchanganyiko. Pili, neno subira lisifasiriwe kwa kungoja peke yake. Fasili itaje kujizuia mpaka wakati unaojulikana, na ngoja ngoja iwekwe kando yake kama kinyume chake. Tatu, neno Kilimia lisiishie kwenye maelezo ya kundi la nyota. Majina yake katika Kibende, Kipimbwe na Kikonongo yakusanywe pamoja na kazi za shamba zinazoambatana nayo, maana wazee waliojifunza kulima kabla ya kalenda za ukutani wanapungua, na kila mmoja aondokapo huondoka na sehemu ya fasili hiyo.

Elimu ya nyota haikuwahi kuthibitisha kwamba sayari humkomaza mtu, wala hapana haja ya kuamini hivyo ili kuyathamini maneno iliyoyaacha. Iliwapa watu namna ya kusema kwamba kila jambo lina muda wake, na kwamba anayeujua muda huo si mvivu. Mkulima wa Katavi anayetazama kaskazini-mashariki jioni ya Novemba hana haja ya kuambiwa nyota yake. Anajua amekwisha kulisafisha shamba, na mbegu iko tayari.